Usitume pesa za chama kwa mbuzi uliyemwona kwenye simu

KAMA umewahi kumngoja mtu pale Archives saa moja asubuhi mwezi wa Julai, unajua baridi ya Nairobi haina adabu. Upepo wa Moi Avenue unakuingia shingoni, mikono inakufa ganzi, na yule unayemngoja anakuambia kwa simu, "Niko hapa tu, dakika mbili," na bado hajavuka Westlands.

Niliyekuwa namngoja alifika bila kutetemeka. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu, nyepesi kama shati. Akaninyooshea mkono niishike.

"Skia hiyo," akasema. "Toi Market, mia mbili hamsini. Hebu soma lebo."

Nikasoma. Cashmere asilimia 100, imetengenezwa Scotland. Sweta kama hiyo ikiwa mpya dukani Ulaya inaweza kugharimu kodi yako ya nyumba ya miezi miwili. Huku kwetu iliingia kwenye robota la mitumba, ikaangukia mtu asiyejua alichonacho, ikauzwa kwa bei ya chapati na madondo ya watu wawili.

Ningefurahi naye tukaishia hapo. Lakini sweta hiyo ndiyo iliyomtia kwenye shida aliyoniitia.

Jamaa huyu ni mhazini wa chama cha vijana watano wa Kangemi, na hapa nitamwita hivyo tu: mhazini. Wawili ni wa boda, mmoja ana kinyozi, mmoja bado yuko chuo, naye ni fundi wa stima. Kidogo kidogo, kwa mwaka mmoja na nusu, wameweka akiba ya shilingi 60,000. Wewe uliye kwenye chama unajua hizo si pesa za mchezo. Ni siku ambazo mtu amelala bila chakula cha jioni ili asiitwe mdaiwa kwenye grupu.

Baada ya kununua sweta, mhazini aliingia mtandaoni kutafuta mnyama anayetoa sufu hiyo. Akaambiwa ni mbuzi. Simu yake, kama simu yako, haikulala. Kesho yake ikamletea video za mbuzi wenye manyoya mengi kwenye milima ya theluji, na keshokutwa ikamletea muuzaji aliyedai ana mbuzi hao hapa Kenya. Jozi moja, dume na jike, kwa shilingi 80,000. Utangulie kulipa 40,000 kabla ya Ijumaa, zilizobaki ulipe ukiletewa. Sufu, alisema, inauzwa kwa gramu, na wanunuzi wa nje wanalipa kwa dola.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Wenzake wanne walikuwa wameshakubali. Kilichobaki ni mhazini kuweka namba ya siri ya M-Pesa.

"Wewe ni mtu wa magazeti," akaniambia. "Niambie tu kama ni poa."

Nikamwambia kabla ya kununua mbuzi, twende kwanza tukamwone mbuzi. Na bahati nzuri, anayefuga mbuzi anamjua tangu azaliwe. Ni shosho yake.

Mutuini, Nairobi ile ile

Tulipanda matatu ya kwenda Dagoretti Market. Kama hujawahi kupita njia hiyo, ujue Nairobi haiishi ghafla. Unapita Riruta Satellite, magorofa yamebanana hadi nguo za jirani zinakaribia kuanikwa kwako. Ukifika Waithaka, magorofa yanaanza kuachiana nafasi. Mbele kidogo unaona migomba, nepia, ng'ombe mmoja amefungwa kando ya barabara. Bado uko ndani ya Kaunti ya Nairobi, lakini harufu imeshabadilika.

Shosho anaishi Mutuini kwenye kipande cha ardhi ambacho ukikipiga hatua hutafika mbali. Nyumba, sukuma wiki, mstari wa nepia kwenye ua, na nyuma ya nyumba banda la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo. Sakafu yake ina mianya. Kinyesi na mkojo vinaanguka chini, mbuzi wanabaki wakavu juu. Hiyo peke yake ni somo, kwa sababu mbuzi akilala kwenye unyevu, kwato zinaoza na kifua kinaugua.

"Umekuja na mgeni na hujakuja Krismasi," shosho akamwambia mjukuu wake. Hakuwa anatania.

Ndani ya banda kulikuwa na mbuzi watano. Watatu walikuwa na rangi ya kahawia, wenye mistari miwili meupe usoni na miguu myeupe. Hao wana damu ya Toggenburg, aina inayotoka kwenye bonde la jina hilo huko Uswisi. Mmoja alikuwa mweupe kabisa, mwenye damu ya Saanen, ambayo pia ni ya Uswisi. Wa tano alikuwa mtoto wa miezi mitatu, aliyekuwa akijaribu kula kamba ya kiatu changu. Pacha wake, dume, alikuwa ameshauzwa. Wahenga walisema mbuzi wa maskini hazai. Wa shosho alizaa pacha mwezi wa Aprili.

Hakuwa na beberu. Mhazini akashangaa, mbuzi watapataje mimba? Shosho akamweleza kwamba beberu ana harufu kali, na maziwa hushika harufu haraka. Isitoshe, ukiwa na mbuzi wanne, kumlisha dume mwaka mzima ni kulisha mgeni. Kikundi chao cha wafugaji kina beberu mmoja anayekaa kwa mwanachama. Mbuzi wako akiwa na joto, unampeleka, unalipa kidogo. Beberu huyo hubadilishwa na wa kikundi kingine ili asije akapanda mabinti zake mwenyewe.

Mpango huo wa kukopeshana beberu haukuanzia Mutuini. Ndio uliosambaza mbuzi wa maziwa katika Mlima Kenya. Chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa, DGAK, kilianza miaka ya tisini huko Nyeri, baada ya mbuzi aina ya Alpine kuletwa kutoka Ujerumani. Upande wa Meru, wafugaji walijipanga kwa Toggenburg. Wenye subira walimpandisha mbuzi wa kienyeji kwa beberu wa kigeni, wakapata mtoto mwenye nusu ya damu. Mtoto huyo naye akapandishwa, ikawa robo tatu. Ni kazi ya miaka. Hakuna aliyeipata kwa kutuma pesa kabla ya Ijumaa.

Mchana mrefu, mchana mfupi

Mhazini akatoa simu akamwonyesha shosho ile video. Shosho akaitazama hadi mwisho, akairudia. Kisha akaushika mkono wa ile sweta ya kijivu, akausugua kwa vidole.

"Hii inatoka kwa mbuzi?"

"Ndiyo, shosho."

Akaenda kwa mmoja wa wale wa kahawia, akayagawa manyoya ya mgongoni hadi ngozi ikaonekana. Yalikuwa mafupi, yamenyooka, magumu kidogo. Chini yake hapakuwa na kitu laini.

"Hapa ni nywele tu," akasema. "Hiyo ya sweta inakaa wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo watu watano na simu tano hawakuwa wameuliza. Jibu lake ni hili.

Kashmiri si jina la aina moja ya mbuzi. Ni jina la manyoya laini yanayoota chini ya yale magumu ya juu, karibu na ngozi. Jina limetokana na eneo la Kashmir, ambako mashali yake yalijulikana ulimwenguni zamani. Uzi wake hauzidi mikroni 19 kwa unene, wakati unywele wako wa kichwani ni mnene mara tatu au nne zaidi. Siku hizi mzalishaji mkubwa zaidi ni China, ikifuatwa na Mongolia.

Mbuzi wa huko huota manyoya hayo kujikinga na baridi kali. Utasema basi, hata Kikuyu na Limuru kuna baridi. Lakini mwili wa mbuzi haungoji baridi ndipo uanze. Unafuata urefu wa mchana. Katika mji mkuu wa Mongolia, Ulaanbaatar, mchana wa mwezi Juni hukaribia saa 16, na Desemba hupungua hadi saa 8 na kitu. Mchana ukianza kufupika, mwili wa mbuzi unapata habari kwamba kipupwe kinakuja, na manyoya laini yanaanza kuota. Majira ya kuchipua yakifika yanaachia yenyewe, na mfugaji anayakusanya kwa kitana.

Sasa rudi Mutuini. Tuko karibu kabisa na Ikweta. Jua letu linachomoza saa kumi na mbili na dakika kadhaa na kutua vivyo hivyo, Januari hadi Desemba. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ni dakika chache tu, hata huwezi kuiona. Yule mbuzi wa theluji ukimleta hapa, mwili wake utangoja habari ambayo haitakuja.

Tuseme muujiza utokee. Mbuzi mmoja mzuri wa kashmiri hutoa karibu gramu 150 hadi 200 za sufu safi kwa mwaka. Kwa mwaka mzima! Sweta moja inaweza kula sufu ya mbuzi watatu au wanne. Jozi ya shilingi 80,000 ingewapa vijana wa Kangemi chini ya nusu kilo kwa miezi 12. Na sufu hiyo lazima itenganishwe na manyoya magumu kwa mashine kabla haijawa uzi. Ni nani atasafiri kutoka ng'ambo kuja kununua nusu kilo?

Hata kule kwenyewe si mteremko. Mongolia ikipigwa na kipupwe kikali, mifugo hufa kwa mamilioni, kama ilivyotokea mwaka wa 2010. Na kwa kuwa wafugaji waliongeza mbuzi kufuata bei ya sufu, malisho yameharibika sehemu nyingi.

Afrika ina manyoya yake ya mbuzi yenye soko. Mbuzi wa Angora hutoa moheri, na Afrika Kusini ndiyo inayoongoza ulimwenguni, Lesotho ikiwa nyuma yake. Lakini huko kuna wakataji, wapangaji wa madaraja, minada na wanunuzi waliozoeana kwa miaka mingi. Mbuzi ni sehemu moja tu ya biashara hiyo.

Daftari la shosho

Nilidhani shosho angeanza kutuuzia wazo la mbuzi wa maziwa. Badala yake aliingia nyumbani akatoka na daftari la shule, lile la kurasa 96, jalada limechakaa.

Ndani kuna kila kitu. Tarehe ya kupandishwa, na mbele yake tarehe ya kuzaa, siku 150 baadaye. Dawa ya minyoo. Lita za asubuhi na za jioni. Nepia aliyonunua mvua ilipokosa. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukapiga hesabu pamoja, nawe uipige nasi.

Wakati huo mbuzi wawili walikuwa wakikamuliwa, jumla lita nne kwa siku. Lita moja inabaki nyumbani. Lita tatu anawauzia majirani kwa shilingi 150 kila moja, yaani 450. Chakula cha mbuzi wote, pamoja na chumvi ya kulamba, kinakula kama 250 kwa siku. Zinabaki 200. Kwa mwezi ni 6,000, na hujamlipa daktari wa mifugo wala hujajilipa mwenyewe. Mbuzi pia hakamuliwi mwaka mzima. Kuna miezi anapumzika akiwa na mimba, na hiyo miezi anakula tu.

Mhazini akanyamaza. Alikuwa amezoea hesabu za dola.

Kisha shosho akafungua ukurasa mmoja wa nyuma. Kulikuwa na majina mawili ya mbuzi yamepigwa mstari. Miaka michache iliyopita alinunua mbuzi wa bei rahisi sokoni, akamwingiza bandani siku hiyo hiyo. Baada ya muda mfupi walianza kukohoa. Ilikuwa homa ya mapafu. Wawili wake wazuri wakafa, na yule wa sokoni akapona.

"Nilihurumia elfu tatu," akasema, "nikapoteza elfu arobaini."

Tangu siku hiyo, mbuzi mgeni hukaa peke yake kwa wiki kadhaa upande wa pili wa kiwanja, na daktari humwona kwanza.

Kuna jambo lingine alilolisema ambalo wauzaji wengi wa maziwa ya mbuzi hawatakuambia. Majirani wengine humjia wakiamini maziwa hayo ni dawa. Yeye huwaambia ni chakula. Mtoto asiyefikisha mwaka asipewe badala ya ya mama bila ushauri wa daktari, na mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe anaweza kudhurika na ya mbuzi pia. Na lazima yachemshwe, maana yakinywewa mabichi yanaweza kuleta brusela. "Nikidanganya mtu leo," alisema, "kesho nitamuuzia nani?"

Bei ikashuka, kibali hakikuja

Tukiwa bado pale uani, mhazini alimpigia muuzaji. Nilimwomba aulize kitu kimoja tu. Mnyama hai akitoka nje ya nchi lazima awe na kibali cha kuingizwa na cheti cha afya. Vibali hivyo hutolewa na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, ambayo ofisi zake ziko Kabete, mwendo mfupi kutoka Uthiru. Je, tunaweza kuona nakala?

Muuzaji alisema atatuma. Baada ya dakika kumi ujumbe ukaingia. Haukuwa kibali. Ulisema kwamba kwa sababu ni vijana wanaojituma, malipo ya kwanza yamepunguzwa kutoka 40,000 hadi 25,000, ofa ya siku hiyo tu.

Shosho aliusoma akacheka hadi akapangusa macho kwa leso.

Kama unaona vijana hawa walikuwa wajinga, kumbuka kware. Mwaka wa 2013 na 2014 nusu ya nchi ilikuwa inafuga kware au inamjua anayefuga. Mayai yaliuzwa kama dhahabu, watu wakakopa, wakapanga foleni za leseni KWS. Kisha kila mtu akawa muuzaji, mnunuzi hakuna, bei ikaanguka. Waliopata faida wengi ni waliouza vifaranga mapema kwa wale waliochelewa. Biashara ikiwa inalipa zaidi kwa kuuza mbegu kuliko kuuza mazao, jiulize wewe umeingia ukiwa wa ngapi.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa ya mnyama yeyote, awe mbuzi, sungura au kitu ambacho hakijapata jina mtaani, fanya haya. Mtafute mtu mmoja aliye karibu ambaye amefuga mnyama huyo zaidi ya miaka miwili, umtembelee bila simu mkononi. Uliza kwa jina ni nani atanunua mazao, na yuko wapi. Omba rekodi: baba yake, mama yake, lita ngapi. Mbuzi wa ukoo husajiliwa na Kenya Stud Book kule Nakuru, kwa hivyo anayekuuzia kwa bei ya ukoo ana uwezo wa kukuonyesha karatasi. Na kama utafuga ndani ya Nairobi, jua kwamba kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015. Nenda ofisi ya kilimo ya wadi yako uulize kinachoruhusiwa, jirani asije akakushtaki kwa sababu ya harufu.

Jioni hiyo chama kilikutana Kangemi, nyuma ya kinyozi. Hakikuwa kikao kizuri. Mwanachama mmoja alisema mhazini ameogopa utajiri, akadai shilingi zake 12,000 akaondoka nazo usiku huo huo. Wanne waliobaki wana 48,000, na hawajanunua chochote. Walimwomba shosho awauzie mbuzi mmoja mwenye mimba. Akakataa. Alisema waje kwanza Jumamosi mbili kila mwezi kwa miezi mitatu, wafagie, wakate nepia, wajifunze kukamua. Baada ya hapo ndipo wataongea bei.

Jumamosi ya kwanza mhazini alinitumia picha. Amesimama chini ya banda na fagio mkononi, amevaa ile sweta ya kijivu, na mkono wake mmoja tayari una alama ya meno ya mbuzi.

"Shosho amesema nikiivaa tena huku," aliandika, "ataanza kuniuzia maziwa kwa bei ya Karen."